Waliosahauliwa Katika Mgao

Somo: Matendo ya Mitume 6:1–7

 Sisi ni wazee wa kanisa kutoka Dabaso, tuliopewa zamu ya kuzungumza nanyi asubuhi hii. Kwa wale wasiopajua kwetu, Dabaso iko kati ya bahari na msitu. Ukishuka upande mmoja unafika kwenye mkono wa bahari wa Mida, penye mikoko na kaa. Ukienda upande wa pili ukavuka barabara kuu ya Mombasa na Malindi, unakutana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya watu wa upande ule wa msitu, na ni juu ya unga.

Mnaikumbuka miezi ile ya mwaka 2020. Machi 13 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona katika Kenya. Machi 25 ndege za abiria kutoka ng'ambo zikasimamishwa. Machi 27 kafyu ikaanza. Aprili 8 jioni, njia za kuingia na kutoka Kilifi zikafungwa, pamoja na za Mombasa na Kwale, na sisi wa Kilifi hatukufunguliwa hadi mapema Juni. Msikilizaji wa bara huenda akaona hayo ni mambo ya watalii tu. Lakini kwetu sisi, ndege ikikosa kutua Mombasa, chungu cha Dabaso hakipandi mekoni. Mahoteli ya Watamu yalifunga milango, na wapishi, watunza bustani, mabaharia wa boti na akina mama wafua nguo wakarudi nyumbani wiki moja. Hata wale wanaofuga vipepeo kando ya msitu, katika mradi wa Kipepeo ulioanzishwa Gede mwaka 1993, walipata hasara. Wao huuza vipepeo nchi za nje wakiwa bado katika maganda yao, na kipepeo hangoji ndege. Siku zake zikitimia hutoka na kuruka, na bei yake huruka naye.

Sasa tufungue Matendo ya Mitume sura ya sita. Wahubiri wengi, nasi tukiwamo, huipita sura hii upesi ili tufike kwa Stefano na mawe yake. Leo tusiende huko. Tukae kwenye mistari ile saba ya mwanzo.

Kanisa la kwanza pale Yerusalemu lilikuwa na mgao wa chakula kila siku kwa wajane. Walikuwako wajane waliosema Kiebrania, wenyeji wa pale, na walikuwako wengine waliosema Kiyunani, ambao jamaa zao walitoka mbali. Hawa wa pili wakasahauliwa. Tazama jinsi Luka anavyolieleza jambo hili. Hasemi kwamba mtu fulani aliwachukia. Hasemi kwamba chakula kilikuwa kichache. Hasemi kwamba mitume waliiba. Mgao uliwapita tu, leo na kesho na keshokutwa, mpaka manung'uniko yakasikika.

Nasi tunajua jambo kama hilo huwaje. Anayegawa huanza na nyumba anayoijua. Huita watu kwa lugha yake. Akimkosa mtu nyumbani, hutuma mtoto amwite ikiwa ni shangazi yake, na akiwa si shangazi yake husema, "Atakuja mwenyewe akitaka." Hakuna dhambi kubwa ya kuonyesha kidole, ila mjane fulani hulala na njaa.

Tunalisema hili kwa sababu lilitupata sisi wenyewe.

Ilikuwa Mei 2020. Milango ya kanisa ilikuwa imefungwa na sadaka zilikuja kwa simu. Tukanunua unga wa mahindi, maharagwe, mafuta ya kupikia na sabuni za mche. Tukaketi watu watano chini ya mkorosho, tumevaa barakoa na tumeachana hatua kadhaa, tukaandika orodha ya watakaopewa. Tulianzia wapi? Tulianzia katika daftari la kanisa, mahali palipokuwa na majina tayari. Tukaandika wajane wa kanisa, kisha waliofukuzwa kazi mahotelini, kisha majirani wasio wa kanisa letu, Waislamu kwa Wakristo, na kwa hilo tulijiona tumetenda haki kabisa. Tukafika majina sitini na kitu. Mmoja wetu akaomba, tukafunga daftari.

Siku ya mgao alikuja mama mzee kutoka upande wa msitu. Ni Msanya. Alikuwa na kibuyu cha asali ya mwitu, akitafuta mnunuzi, maana mpishi aliyezoea kumnunulia alikuwa amekwenda kwao. Akasimama nje ya uzio akitazama watu wakiitwa jina moja moja. Alipokuwa amebaki yeye tu, tukamwambia, "Hawe, tunasikitika, jina lako halimo."

Hakukasirika. Akatuuliza kwa Kigiriama kizuri kuliko chetu, "Aliyeandika ni nani?"

Tukakosa la kusema. Walioandika ni sisi. Kati ya sisi watano hapakuwa na mtu mmoja aliyewahi kufika nyumbani kwake, na asali yake tulikuwa tumeila miaka mingi. Mzee mmoja wa kanisa akampa pakiti yake mwenyewe ya unga. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akaweka kibuyu cha asali juu ya meza na kuondoka. Tulimfuata tumrudishie, akakataa. Kibuyu kile kilikaa ofisini majuma mawili bila mtu kukigusa.

Baada ya hapo ndipo tulipoanza kuuliza. Wapendwa, ikiwa kanisa lililo umbali wa saa moja kwa miguu lilimsahau, je, Nairobi ilimkumbuka?

Hatusemi kwamba Serikali haikufanya kitu. Ilifanya, na kuna wazee kwetu waliokula kwa sababu hiyo, nasi twashukuru. Machi 25, 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi asilipe kodi ya mapato. Alitangaza pia nyongeza ya shilingi bilioni 10 za kuwasaidia wazee, yatima na wengine wasiojiweza. Kabla ya hapo ulikuwapo tayari mpango wa Inua Jamii, ambao mtu aliyetimiza miaka 70 hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Baadaye ikaja Kazi Mtaani, kazi ya kufagia na kuzibua mitaro kwa vijana, na Kilifi ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo. Zikaja pia shilingi 1,000 za kila wiki kwa jamaa maskini waliochaguliwa, zikitumwa kwa simu.

Sasa zitazame fadhili hizo kwa macho ya mrina asali. Msamaha wa kodi humfaa mwenye hati ya mshahara. Fedha za wazee humfaa mwenye kitambulisho na akaunti. Kazi Mtaani ilikuwa ya mitaa ya mabanda mijini, na pembeni mwa msitu hakuna mtaro wa kuzibua. Shilingi 1,000 humfikia mwenye laini ya simu, na laini huandikishwa kwa kitambulisho. Kisha lazima mtu fulani awe amelipeleka jina lako. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwezi wa Julai 2021 kwamba hata katika mitaa maskini ya Nairobi, mbele ya macho ya wakubwa wote, wengi waliostahili fedha hizo waliachwa na wengine wakapata kwa kujuana. Ikiwa Nairobi ilikuwa hivyo, usishangae kuhusu Msanya wa Arabuko.

Na Wasanya hawakukosa karatasi kwa uvivu, kama tulivyosikia mtu mmoja akisema. Wao wenyewe hujiita Waata. Wengine huwaita Walangulo. Lugha yao ni ya jamaa ya Kioromo, na tangu zamani waliishi kwa uwindaji na asali, kutoka misitu yetu hii hadi nyika za Tsavo na kandokando ya mto Galana, ambao sisi tukiufikia huku chini twauita Sabaki. Walijulikana kwa upinde mrefu na mshale wa sumu uliomwangusha tembo. Msitu wa Arabuko-Sokoke ulitangazwa kuwa wa Serikali ya kikoloni mwaka 1932. Mwaka 1948 nchi yao ya kuwindia ikafanywa mbuga ya Tsavo. Mnamo 1956 na 1957 askari wa wanyama walifanya msako mkubwa dhidi ya uwindaji wa tembo, na wanaume wengi wa Waata wakatiwa gerezani. Mwaka 1977 uwindaji ukakatazwa Kenya nzima. Tembo walihitaji kulindwa, hatubishi. Lakini watu walinyang'anywa kazi ya baba zao na hawakupewa nyingine, wakatawanyika kwa makundi madogo pembeni mwa vijiji vya watu wengine. Wengi wao huzaliwa nyumbani, na kuzaliwa kwao hakuandikwi. Baba asiye na kitambulisho humzaa mtoto ambaye naye atasumbuka kukipata.

Upande wa pili wa Dabaso, baharini, lilikuwako jambo linalofanana na hili. Wapemba waliohamia pwani yetu kwa uvuvi miaka mingi iliyopita, wakazaa na kuzika hapa Kilifi na Kwale, walikaa bila uraia. Mvuvi wa namna hiyo aliuza samaki kwa simu ya rafiki. Serikali iliwatambua mwaka 2023, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kupita. Wamakonde wa Kwale walitangulia kutambuliwa mwaka 2017, na kabla ya hapo walilazimika kushika njia kwa miguu kwenda Nairobi, Oktoba 2016, ili waonekane.

Mtu atasema, haya ni siasa, kanisa liache. Tunamjibu kwa upole kwamba sura yenyewe tuliyoisoma ni juu ya mgao. Tena Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 260, inapoeleza maana ya jamii iliyotengwa, inazitaja wazi jamii za asili zinazoishi maisha ya uwindaji na kukusanya matunda ya mwitu. Kifungu cha 56 kinaiagiza Serikali iwe na mipango ya kuziwezesha jamii hizo kuwakilishwa katika uongozi, kusoma, kupata kazi, na kufikiwa na maji na matibabu. Basi unga ule haukuwa hisani kwa mama yetu yule. Ulikuwa haki yake iliyochelewa.

Sasa rudi Yerusalemu uone mitume walivyofanya, maana hapo ndipo tulipojifunza kitu kipya. Wangeweza kusema, "Tutakuwa waangalifu zaidi." Ndivyo tulivyosema sisi Mei ile, na ni maneno mazuri yasiyo na kazi. Wangeweza kutenga siku moja ya wajane wa Kiyunani. Badala yake waliliambia kanisa lichague watu saba wenye sifa njema wasimamie mgao wote. Soma majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote saba ni majina ya Kiyunani, na mmoja wao hata hakuzaliwa Myahudi. Yaani, kwa kadiri tunavyoweza kuona, ghala lilikabidhiwa kwa upande ule uliokuwa ukisahauliwa, pamoja na chakula cha wajane wa Kiebrania. Fikiri imani iliyohitajiwa hapo! Sisi kwetu hata ufunguo wa stoo ya viti hautoki mkononi mwa mtunza hazina.

Katika ugonjwa huu huu zipo nchi zilizojaribu jambo la namna hii. Machi 18, 2020 Serikali ya Kanada ilitangaza dola milioni 305 za nchi hiyo kwa ajili ya wenyeji wake wa asili, na sehemu kubwa ikapelekwa kwa uongozi wa jamii zenyewe, waamue wenyewe kama watanunua chakula, watawatunza wazee au watafunga njia za kuingia vijijini mwao. Hatuisifu Kanada kupita kiasi. Historia yake na watu hao ina machozi mengi, na fedha zile hazikuyafuta. Lakini katika hilo moja walifanya kama mitume. Hawakuuliza tu, "Mnahitaji nini?" Walikabidhi mfuko.

Turudi kwetu. Mwaka 2021 tulifuatana na mama yule kutafuta kitambulisho. Tulidhani ni kazi ya asubuhi moja. Ofisi ya kwanza ilitaka cheti cha kuzaliwa, ya pili ikataka kitambulisho cha baba yake, mtu aliyekufa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Nauli ilikuwa yetu, na foleni ilikuwa yake, juani. Safari ya nne ndipo alipoandikishwa. Karani hakuwa mtu mbaya. Alimtazama usoni, akakisia, akaandika kwamba amezaliwa mwaka 1956.

Lakini mama huyu hutusimulia jinsi alivyokuwa msichana wa kubeba maji siku askari wa wanyama walipomchukua baba yake kwenda gerezani, katika msako ule wa 1956 na 1957. Alikuwa akibeba maji mwaka ambao kadi inasema alizaliwa! Kwa haki alikuwa amepita miaka 70 wakati Korona inaingia. Kwa hesabu ya kadi, fedha za wazee angezistahili mwaka 2026. Tulipomweleza hayo alicheka sana, akasema Serikali imempunguzia uzee bure, wengine hutafuta dawa. Sisi hatukuweza kucheka. Tumeandika barua za kuomba tarehe ile irekebishwe, na nakala tumeziweka.

Septemba 2021 ukame ulitangazwa kuwa janga la taifa, na 2022 hali ikazidi kuwa mbaya nyuma ya msitu. Tukachanga tena. Safari hii hatukukaa chini ya mkorosho. Tulimwendea mjukuu wa mama yule pamoja na dada mmoja wa jamii yao, tukawapa daftari jipya, kalamu na pesa zilizopatikana, tukawaambia, "Andikeni ninyi." Tukiri kwamba usiku ule baadhi yetu hatukulala vizuri. Si kwamba tuliwashuku wizi, bali hatukuzoea.

Walirudi baada ya siku tano. Walikuwa na majina ya nyumba ambazo hatukujua kama ziko, nyingine za Waata, nyingine za Wagiriama maskini waliohamia karibu nao, ambao nao tulikuwa tumewapita mwaka 2020. Walikuwa wamefuta majina manne katika orodha yetu ya zamani, mawili yakiwa ya jamaa zetu wenye maduka. Palitokea maneno. Mwenye duka mmoja hakuja ibadani mwezi mzima. Hatukuyarudisha majina hayo.

Yule kijana alitueleza jambo jingine. Alisema ng'ambo ya lile korongo kavu kuna nyumba tatu zaidi ambazo hata yeye alikuwa amezisikia tu. Tukaenda naye. Mbili tulizikuta, tukaacha unga na dengu, tukaandika watoto wote pamoja na mahali walipozaliwa, kwa kuwa sasa tunajua karatasi hiyo itatakiwa siku moja. Ya tatu tulikuta majivu ya jiko na mizinga miwili mitupu. Walikuwa wamehama, watu wakasema wamefuata asali upande wa Sabaki. Jina la mwenye nyumba tuliambiwa na majirani, nasi tumeliandika kwa penseli, kwa sababu hatuna hakika linavyotamkwa.

Ndugu msikilizaji, ikiwa unatusikia kutoka pande za Chakama au Magarini, na jamaa wa Kiwaata wamekuja kukaa karibu nawe tangu mvua zile, mwulize mzee wao kama aliwahi kukaa ng'ambo ya msitu wetu. Akikubali, mwambie kuna mgao wake Dabaso, na kwamba tunaomba atutajie jina lake mwenyewe.